Nimefumua Mara Tatu

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima. Babako amerudi baharini jana, na kusi inavuma mpaka milango inajipigia hodi yenyewe.

Mzigo ulionitumia umefika. Ulishushwa Mokowe kwenye basi, ukavushwa kwa boti, na kijana wa punda akaniletea mlangoni kabla ya adhuhuri. Nilipofungua nilikaa kitako. Vibonge sita vya uzi wa pamba, sindano za mianzi za kufumia, mkasi mdogo, na ule uzi wa sufu wa kijani. Nduguyo akauliza kama nitajaza mto. Kwake yeye sufu na sufi ni kitu kimoja. Utotoni kwetu siku ya kuzaliwa haikuwa na zawadi, sisi tuliyoijua ni Maulidi ya Mtume. Nimetimiza miaka 54 na hii ndiyo ya kwanza kufungiwa karatasi. Nimefurahi, mama, furaha ya kweli.

Pamba nimeiweka, itanifaa hapa kwenye joto. Sufu ni yako wewe: nakufumia shali la baridi ya Eldoret. Ilikuja mashada mawili yaliyosokotwa, na shada halifumiki mpaka likunjwe bonge. Basi babako akaketi dakani, akanyoosha mikono mbele kama aombaye dua, nikamvisha uzi nikawa nakunja. Mikono ile iliyozoea kamba za jahazi haikutikisika. Tulizungumza mengi ambayo hatukuyagusa tangu uondoke.

Shali lenyewe nimelifumua mara tatu. Mwanzo nilijitia ujuzi, sikufuma kile kipande cha kujaribia cha sentimita 10, likatoka pana kama tanga. Baadaye kitanzi kimoja kiliponyoka nisikione. Nakuja kukigundua safu kumi na mbili mbele, kimeshuka ngazi kwa ngazi hadi chini. Nilitaka kulia. Kisha nikavuta. Uzi ukatoka mzima, umejikunjakunja tu kama nywele zilizofumuliwa misuko, nikaanza upya na hapakubaki alama.

Kwenye kofia ninazoshona, hilo la kufumua na kuanza upya halipo, wajua. Vitambaa viwili vyeupe umevishikanisha, umechora kwa penseli, unatoboa vitundu na kila kitundu unakizungushia uzi. Ukitoboa nje ya mchoro, tundu ndilo hilo, na kofia ya miezi mitatu imeshuka bei. Ndivyo bibi yako alivyonifunza, na ndivyo nilivyokushika wewe. Ulikuwa na miaka tisa. Ulikosea kwenye kofia ya mtu aliyekwisha toa arubuni, nikakupiga vidoleni kwa penseli ileile, mbele ya shangazi zako. Hukulia. Uliweka sindano chini na hukuishika tena. Nikasema mtoto huyu ana kiburi, na nimelisema hilo miaka.

Juzi usiku, uzi umenirundikia mapajani, nilivikumbuka vile vidole. Mwezi ule tulikuwa tunadaiwa kodi, mwanangu. Nilichokuwa nakiogopa ni hicho, si tundu. Lakini wewe hofu yangu hukuijua, ulichokijua ni penseli. Nisamehe. Ningelisema hili kwa simu ningelia, na wewe ungeninyamazisha kabla sijamaliza, ndiyo maana nimeandika.

Sasa nina haja moja. Shali linataka shada la tatu. Kwenye karatasi iliyofungiwa uzi kuna nambari ya rangi, na chini yake nambari nyingine, ya mkupuo uliotiwa rangi pamoja. Hiyo ya chini ndiyo ya kulinganisha: 417. Kijani hichohicho cha mkupuo mwingine hakitafanana sawasawa, na juani utaonekana mstari katikati ya mgongo wako. Likikosekana usihangaike madukani, shali nitalifanya fupi. Shali likikufika, lifue kwa maji baridi na usilisugue. Sufu ikiingia maji moto ikasuguliwa hushikana, hunywea, na hairudi tena.

Na Desemba ukija, njoo na jozi nyingine ya sindano, za milimita 4 kama hizi. Pamba ipo ya kututosha sote wawili.

Mamako