Barua kwa Baba Neema, kabla mwezi haujawaka

Kirumba, Mwanza

Baba Neema, ndugu yangu,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako umenifikia. Sisi wazima, Mama Ester anakusalimu.

Unasema huko kambini, siku hizi za giza zisizo na mwezi, dagaa wametoka vizuri, ila unaziogopa siku za mbalamwezi. Nakuelewa. Usiku wa kazi unashika taa, unavuta wavu, unachota maji mtumbwini. Muda wa kutamani utaupata wapi? Mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala mchangani, na kambi nzima ina hela ya mgao mfukoni. Hapo ndipo bia zinapofunguliwa mchana, mikeka inabetiwa mpaka usiku wa manane, na yule dada wa mgahawa anakumbuka kukuuliza kama umekula. Huyo dada umemtaja kwa mstari mmoja tu, ukahamia bei ya nyavu. Huo mstari ndio ulionishtua.

Fungua 2 Samweli 11. Wafalme wametoka kwenda vitani, Daudi kabaki Yerusalemu. Jioni anaamka kitandani, anatembeatembea juu ya dari, anamwona Bathsheba anaoga. Ni Daudi yule yule wa Goliathi. Siku hiyo hakuwa na la kufanya.

Lakini usiseme basi dawa ni kazi tu. Yusufu alikuwa msimamizi wa nyumba nzima ya Potifa, na mke wa bosi alimsumbua siku baada ya siku humo humo kazini. Jibu lake liko Mwanzo 39: "Nifanyeje ubaya huu mkubwa nikamkose Mungu?" Na siku aliyoshikwa nguo hakusimama kuhubiri, aliiacha akakimbia. Akaishia gerezani. Wahubiri wetu wengi hupita hapo mbio mbio, wakati hapo ndipo penye ukweli mchungu: ukikataa kukaa na wenzako watakuita "mchungaji", na tajiri mwenye mtumbwi anaweza kukuona unajidai. Vumilia tu.

Paulo anasema, 1 Wakorintho 10:13, kwamba pamoja na lile jaribu Mungu atafanya na mlango wa kutokea. Wako nauona kabisa. Siku ya mgao, kabla hujaenda popote, nenda kwa wakala umtumie Mama Neema hela yote, ubaki na nauli na ya sabuni. Hela ambayo haipo haibetiwi. Halafu panda boti, dagaa uwalete mwenyewe huku soko la Mwaloni badala ya kumkabidhi mtu. Usione ni upungufu wa imani. Yusufu naye alitumia miguu.

Na Neno uliweke moyoni sasa hivi, ungali na akili zako, kama Zaburi 119:11 inavyosema. Yesu jangwani alikuwa na njaa ya siku 40, na mara zote tatu alijibu "Imeandikwa", kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati. Hakuna mahali panaposema alifungua gombo. Ila kumbuka Ibilisi naye alinukuu, tena Zaburi 91, kwa hiyo yule jamaa yenu anayekuletea chupa na "mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo" asikubabaishe. Timotheo, aliyeandikiwa hayo na Paulo, alikuwa mgonjwa. Yeye anaumwa nini?

Usije ukashangaa pia jaribu likirudi mwezi ujao. Luka anasema Ibilisi alimwacha Bwana "kwa muda". Kama kwake alienda kwa muda, kwetu je?

Basi chumba cha wageni kiko wazi, na kwaya haina besi tangu wawili wahamie Geita. Mazoezi ni Jumamosi saa kumi. Nipigie ukishapanda boti, nitakufuata. Uje na dagaa wa chanja, siyo wa mchangani; Mama Ester safari iliyopita aliosha mpaka akakasirika.

Wako katika Bwana,
Baba Ester