Barua ya wazi kwa Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Vipimo: kipima ulevi kikataze, kisiruhusu

Ndugu Mtendaji Mkuu,

YAH: UHAKIKI WA VIPIMA ULEVI VYA MFUKONI

Mzani wa buchani hubandikwa stika yenu, na pampu ya petroli hutiwa lakiri. Tunaomba kifaa ambacho mtu hukipuliza mlangoni mwa baa ili aamue kama atashika usukani kisiuzwe bila alama hizo.

Tuanze na namba. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, imeweka ukomo wa miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu. Kifaa hakigusi damu. Kinapima pumzi, kisha kinakadiria kwamba mililita 2,100 za pumzi zina kileo sawa na mililita moja ya damu. Vurugu inaanzia hapo. Ukomo huohuo kifaa kimoja kitauonyesha kama 0.08, kingine 0.80, cha tatu 0.38: cha kwanza kinasoma asilimia, cha pili gramu kwa lita ya damu, cha tatu miligramu kwa lita ya pumzi. Mwenye hicho cha tatu akiona 0.40, na kichwani ana 0.80 aliyoisikia kwa rafiki, anawasha gari akiamini yuko kwenye nusu ya ukomo. Kumbe ameshaupita. Kizio kiwe kimoja, kiandikwe kwa Kiswahili juu ya kifaa chenyewe, si kwenye karatasi inayotupwa pamoja na boksi.

Ndani ya vile vya bei ya chini mna sensa ya oksidi ya bati. Hiyo hupashwa moto na huitikia karibu kila mvuke unaoungua: moshi wa sigara, manukato, asetoni katika pumzi ya aliyeshinda na njaa au mgonjwa wa kisukari. Betri ikilegea, sensa haipati joto lake na namba inayumba. Vyenye seli ya kemikali ya platinamu ni ghali zaidi, lakini hutambua kileo vizuri zaidi, ingawa mvuke wa sanitaiza mkononi huvidanganya navyo. Aina zote mbili husogea polepole kutoka kwenye usahihi, ndiyo maana ugezi, yaani kukilinganisha kifaa na kipimo kinachojulikana na kukirekebisha, unatakiwa kila baada ya miezi 6 hadi 12. Kazi yenyewe si ya ajabu: maji yenye gramu 0.97 za ethanoli kwa lita yanapashwa hadi nyuzi 34, joto la pumzi, kisha hewa inapitishwa humo. Kifaa kisicho na hitilafu kitasoma karibu miligramu 0.38 kwa lita ya pumzi. Joto likizidi kwa nyuzi moja tu, mvuke unaongezeka kwa takriban asilimia 6.5, kwa hiyo kipimajoto nacho lazima kiwe na cheti. Kifaa kilichoachwa kwenye dashibodi juani Dar es Salaam kirudi maabara kwanza.

Hata kilicho sahihi huharibiwa na mpulizaji. Tangu funda la mwisho, sigara au dawa ya kusukutulia, zipite dakika 15. Akicheua au kutapika, aanze kuhesabu upya. Apulize mfululizo mpaka kifaa kilie, bila kuhemahema kabla, maana kuhema hushusha namba. Na aliyemaliza chupa sasa hivi, kileo bado kiko tumboni. Kilele huja kati ya dakika 30 na 90 baadaye, akiwa barabarani. Apime tena baada ya nusu saa. Namba ya pili ikizidi ya kwanza, bado anapanda.

Asubuhi ndiyo inayowaponza wengi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kileo. Mwili hupunguza takriban miligramu 15 kwa saa katika kila mililita 100 za damu, na si kahawa wala supu ya makongoro inayouharakisha. Aliyekuwa na 180 saa sita usiku, saa kumi na mbili asubuhi bado ana 90. Amelala, ameoga, ananukia dawa ya meno, na yuko juu ya ukomo.

Kinachotukera zaidi ni taa ya kijani inayowaka namba ikiwa chini ya ukomo. Wepesi wa kukanyaga breki hupungua kabla ya kufika 80, na usingizi au bangi kifaa hakivioni kabisa. Tunaomba taa hiyo, pamoja na maneno kama “salama kuendesha”, yapigwe marufuku. Ibaki namba na taa nyekundu.

Hatuombi kila gari lilazimishwe kubeba kifaa. Ufaransa iliweka sharti hilo mwaka 2012, faini yake haikuwahi kutozwa, na mwaka 2020 likafutwa. Stika tunayoipendekeza iwe na mistari mitatu: tarehe ya ugezi ujao, kizio, na “Subiri dakika 15. Namba ndogo si ruhusa.”

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mafundi wa ugezi wa vipima gesi