Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Leseni, Risiti na Pesa za Nyumbani

Ndugu wanachama,

Asanteni kwa kufika Houston, hasa nyinyi mliotoka Dallas, Fort Worth na San Antonio mkafunga maduka siku ya Jumamosi, siku ambayo kila mmoja wetu anajua foleni yake inavyokuwa. Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na habari za misiba na harusi anazo katibu. Mimi nimeomba muda wangu wote niutumie kwa jambo la leseni ya kutuma pesa, kwa sababu huko ndiko ninakoona tunaweza kumpoteza mwenzetu.

Nianze na swali ninaloulizwa kwa simu karibu kila wiki: "Mwenyekiti, mimi nauza unga, dagaa na vitenge. Kutuma pesa ni kazi ya pembeni tu. Leseni inanihusu?" Inakuhusu. Sheria haipimi ukubwa wa duka. Inatazama kitendo: umepokea pesa ya mtu ili imfikie mwingine. Ukiifanya hiyo kuwa biashara, kuna milango miwili ya kupita. Wa kwanza ni wa serikali kuu: kujisajili FinCEN, idara iliyo chini ya Wizara ya Fedha, ndani ya siku 180 tangu biashara ianze, na kuhuisha usajili kila baada ya miaka miwili. Wa pili ni wa jimbo, na huu ndio mgumu. Usajili wa serikali kuu haukupi ruhusa ya Texas, na leseni ya Texas haivuki mpaka kwenda Louisiana. Montana imejulikana kwa miaka mingi kuwa jimbo pekee lisilodai leseni hii. Kwingine kote unabisha hodi upya.

Wengi wetu hatumiliki leseni hizo. Sisi ni mawakala wa kampuni zenye leseni, na wakala halazimiki kujisajili FinCEN kwa sababu ya uwakala peke yake. Kampuni humweka kwenye orodha yake ya mawakala. Lakini wapo waliosikia sehemu hiyo tu wakadhani wajibu wote uko kwa kampuni. Sivyo. Tangu tarehe 1 Septemba 2023 Texas ina sheria mpya ya huduma za fedha, sura ya 152 ya sheria zake za fedha, iliyochukuliwa kwa sehemu kubwa kutoka sheria ya mfano ambayo wasimamizi wa benki wa majimbo waliipitisha mwaka 2021 ili majimbo yafanane. Humo wakala ametajwa waziwazi. Lazima awe na mkataba wa maandishi. Pesa ya mteja iliyo mkononi mwake ni amana, si mali yake. Akiichanganya na mauzo ya duka, sheria inazihesabu zote zilizochanganyika kuwa amana. Na wakala haruhusiwi kumweka wakala mwingine chini yake.

Hilo la mwisho naomba nilikazie. Mwaka huu tulimkuta mwenzetu amempa shemeji yake, ambaye ni kinyozi, nywila ya mashine ya kutumia pesa, ili wateja wa mtaa ule wasisafiri mbali. Nia ilikuwa njema kabisa, wazee wale hawana magari. Lakini kinyozi yule hakuwa na mkataba wala mafunzo, na jina lake halikuwa kwenye orodha yoyote. Kila pesa aliyopokea ilikuwa nje ya leseni. Tulikaa na mwenzetu jioni mbili, tukamsaidia kuiandikia kampuni kabla haijagundua yenyewe. Amebaki na uwakala wake, na shemeji ameomba uwakala kwa jina lake mwenyewe. Namshukuru kwa kukubali nilisimulie hili bila kumtaja.

Sasa wazo la kuanzisha kampuni yetu wenyewe, lililopitishwa kwa makofi mkutano uliopita. Mimi nilikuwa wa kwanza kulishangilia. Kamati imelifanyia kazi kwa miezi mitano, na nimebadili mawazo. Chini ya sheria ile ya mfano, mwombaji anatakiwa kuwa na mtaji halisi usiopungua dola 100,000, au asilimia 3 ya mali yake kama hiyo ni kubwa zaidi. Na jina zuri la biashara halihesabiwi humo. Anaweka dhamana ya kuanzia dola 100,000, ambayo hupanda hadi dola 500,000 kadiri pesa za wateja zinavyoongezeka. Dhamana hiyo huilipi yote taslimu, inatolewa na kampuni ya bima kwa malipo ya kila mwaka, lakini kampuni hiyo itataka kuona mali yako kabla ya kutia sahihi. Wakati wote lazima uwe na fedha au vitega uchumi salama vinavyolingana na pesa zote za watu ambazo bado hazijafika. Halafu hesabu zilizokaguliwa, mpango wa biashara, alama za vidole za wakurugenzi na wamiliki wakubwa, vyote vikipitia NMLS, mfumo wa mtandaoni ambao majimbo huutumia kwa pamoja kushughulikia leseni. Huo ni mzigo wa jimbo moja. Wateja wetu wana ndugu wanaoishi Ohio, Arizona na Maine, na kila jimbo ni ombi jipya.

Lililoniondoa kwenye ndoto hiyo si fedha tu. Kampuni ikianguka, zinazopotea ni ada ya shule ya mtoto Kisumu na dawa za mama Bukavu. Kamati inapendekeza tubaki mawakala, ila mawakala wenye sauti: tujadiliane na kampuni kwa pamoja juu ya kamisheni na muda wa notisi. Kuna kampuni moja iliyowafutia wanachama wetu wawili mkataba kwa barua pepe siku ya Ijumaa jioni. Jumatatu wateja walikuwa mlangoni na mashine imezimwa. Mkataba walioutia sahihi uliruhusu hivyo. Hakuna kati yao aliyekuwa ameusoma.

Kuna kundi jingine ambalo si wanachama wetu, na ndilo linaloninyima usingizi. Ni dada anayekusanya pesa baada ya ibada, anajikatia dola tano kwa kila mtu, kisha jioni anatuma M-Pesa kwa simu yake mwenyewe. Au kijana mwenye akaunti huku na akaunti Dar es Salaam, anapokea dola hapa na kaka yake analipa shilingi kule. Kwetu tunauita msaada. Sheria ya shirikisho, kifungu namba 1960, inauita biashara ya kutuma pesa bila leseni, na kifungo chake kinafika miaka mitano. Tangu marekebisho ya mwaka 2001, pale jimbo linapoadhibu kukosa leseni, kujitetea kwamba hukujua kuwa inahitajika hakukuokoi. Sisemi haya kwa ajili ya kulinda foleni zetu. Nasema kwa sababu watu hawa ni wa misikiti na makanisa yetu, na hakuna aliyewaambia. Mwaka ujao kila mwanachama achague jumuiya moja akaseme nao kwa upole. Asiende kutisha watu. Aende na njia halali mkononi.

Juu ya mafunzo nitasema kidogo, isipokuwa jambo moja. Sote tunajua viwango: taarifa kwa FinCEN juu ya fedha taslimu zinazozidi dola 10,000 kwa siku, kumbukumbu kamili za mtumaji kuanzia dola 3,000, taarifa ya muamala unaotia shaka kuanzia dola 2,000, na karatasi kutunzwa miaka mitano. Walio karibu na mpaka wa Mexico waliona amri ya Machi 2025 iliyoteremsha kile kiwango cha 10,000 hadi dola 200 katika baadhi ya misimbo ya posta ya Texas na California. Houston haikuwemo, lakini ilituonyesha jinsi kiwango kinavyoweza kubadilika kwa muda mfupi.

Jambo lenyewe ni hili. Mzee mmoja alikuja na pesa ya kupaua nyumba yake Mwanza, zaidi ya dola elfu tatu. Mhudumu wa mwanachama wetu, kwa kumhurumia asijaze fomu, akamwambia: "Baba, tuma nusu leo, nusu kesho." Mzee hakuwa na kosa lolote, pesa yake ilikuwa safi. Lakini kumshauri mteja agawanye pesa ili kukwepa kumbukumbu ni kosa linalojitegemea, hata kama pesa ni halali. Fomu ile ingemchukua dakika kumi. Wafundisheni wahudumu wenu sentensi hii: "Baba, karatasi hii haina ubaya, tuijaze pamoja."

Kazi ninayojivunia zaidi mwaka huu ni ya Kiswahili. Kanuni ya shirikisho ya mwaka 2013 inamtaka mtoa huduma ampe mteja, kabla hajalipa, maelezo ya ada, kiwango cha kubadilisha fedha na kiasi kitakachopokelewa. Wengi hatukuwa tumeona kipengele cha lugha: kama ofisi yako inatangaza huduma hii kwa lugha ya kigeni, maelezo hayo lazima yapatikane kwa lugha hiyo pia, pamoja na Kiingereza. Mabango yetu yameandikwa "Tuma pesa nyumbani hapa" kwa herufi kubwa, na risiti zetu zilikuwa Kiingereza na Kihispania.

Kamati ndogo ya akina mama wanne wa Dallas ikaandika rasimu, nasi tukaipeleka kwa kampuni, kwa kuwa wajibu wa maelezo ni wao. Mabishano yalikuwa marefu na matamu. Wenzetu wa Kongo walisema wazee wao "ada" wanaijua ya shule tu, kwa hiyo tukaandika "gharama ya kutuma". "Kiwango cha ubadilishaji" kiliwashinda wateja tuliowajaribia. Tukaweka "dola moja ni sawa na", kisha nambari. Na mstari wa mwisho, "Atakayepokea atapata", ndio wateja wanaousoma kwa sauti. Kampuni moja imekubali maneno yetu. Mbili bado zinayapitia.

Kwa nini naona haya ni makubwa? Mteja ana haki ya kufuta ndani ya dakika 30 baada ya kulipa, lakini ikiwa tu pesa haijapokelewa. Pesa inayoingia kwenye simu ya mtu Nakuru kwa sekunde chache haina dakika 30. Kinga pekee ya mama yule ni kuelewa karatasi kabla ya kutoa pesa. Kosa likitokea, ana siku 180 za kulalamika. Mwambieni hilo pia.

Sasa kodi. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026, pesa inayotumwa nje kwa kulipia taslimu, hawala ya fedha (money order) au hundi ya benki itatozwa asilimia 1 na serikali kuu. Bunge lilianza na asilimia 5 kwa wasio raia, likashuka hadi 3.5, na sheria iliyotiwa sahihi Julai ikabaki na 1 kwa kila mtu. Anayelipa kwa kadi ya benki ya Marekani, au kutoka akaunti yake ya hapa, hatozwi. Kwa dola 300 ni dola 3. Kampuni isipoikusanya italipa yenyewe, na hakika itamrudia wakala. Walio na maduka upande wa Oklahoma wajue kuwa ada ya jimbo lile, dola 5 kwa kila anayetuma hadi dola 500, na asilimia 1 ya kinachozidi hapo, iko palepale; lakini mteja anayejaza kodi ya mapato ya jimbo anaweza kuidai irudi, kwa hiyo risiti asiitupe.

Suala la benki kufunga akaunti zetu halijapata dawa. Wanachama watatu wamefungiwa mwaka huu bila maelezo. Sheria ya mwaka 2014 iliyosukumwa na Keith Ellison, wakati huo mbunge wa Minnesota, iliruhusu serikali kuu kutegemea ukaguzi unaofanywa na majimbo. Kwa hiyo ripoti safi ya ukaguzi ni karatasi ya kwanza ya kumwekea meneja wa benki mezani.

Kabla ya chakula, kila wakala aliyekuja na mkataba wake aufikishe meza ya mwanasheria iliyo karibu na mlango. Asiye na nakala aandike jina la kampuni yake, na tutaliangalia pamoja kwenye tovuti ya wazi ya NMLS, ambayo haitozi kitu, kuona kama leseni yake ya Texas bado hai. Wa kwanza nitakuwa mimi. Mkataba wangu ni wa mwaka 2019, na una kipengele cha notisi ambacho nataka kisomwe mbele yenu.