Pimeni masikio kabla ya kulaumu Kinyakyusa

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu nilipoajiriwa kufundisha darasa la kwanza, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kukuandikia hata mstari mmoja. Habari mliyoichapa wiki iliyopita, ile ya kuwaasa wazazi wa nyanda zetu hizi waache kusema kilugha na watoto wadogo kwa madai kwamba kinawachanganya na kuwadumaza akili, imenitoa katika ukimya huo. Hamkumtaja mtafiti yeyote. Mlimnukuu mmiliki wa chekechea, ambaye ana bidhaa ya kuuza, mkaliweka neno lake mbele ya wasomaji kana kwamba ni agizo la daktari.

Agizo kama hilo lilikwisha kuingia katika familia yangu, na ninajua lilitugharimu nini.

Mjukuu wangu alilelewa nami hapa Tukuyu hadi alipotimiza miaka miwili na nusu. Mimi na mama yangu mzazi tulimsemesha Kinyakyusa, wazazi wake wakija mwisho wa wiki walimsemesha Kiswahili, naye alikuwa anaokota maneno huku na huku kama watoto wote wa nyumba zetu. Alipohamia Mbeya mjini akaandikishwa katika chekechea ya mchepuo wa Kiingereza, na kabla muhula wa kwanza haujaisha mwalimu akamwita binti yangu. Akamwambia kwamba mtoto haitiki anapoitwa, maneno yake hayakamiliki, na anachanganya lugha. Kwamba chanzo ni Kinyakyusa cha bibi. Na kwamba nyumbani waache Kinyakyusa kabisa na, ikiwezekana, hata Kiswahili. Binti yangu alitii. Kiingereza chake ni cha ofisini, hakina maneno ya kumbembelezea mtoto wala ya kumkanyia, kwa hiyo kilipomwishia alimwashia mtoto katuni za Kiingereza kwenye televisheni. Mtoto aliishi hivyo miezi saba. Laiti mngeandika habari ya utafiti wa Patricia Kuhl na wenzake wa Marekani, uliotoka mwaka 2003! Watoto wa miezi tisa waliokaa na mtu akiwachezesha na kuwasomea kwa Kichina katika vipindi 12 walizishika sauti za lugha hiyo. Wenzao waliooneshwa maneno hayohayo kwenye televisheni hawakushika kitu. Mtoto hujifunza lugha kutoka kwa mtu anayemjali na kumjibu, na sisi tulimwondolea watu hao tukamwachia kioo.

Krismasi walikuja nyumbani. Mama yangu, ambaye Kiswahili chake ni kidogo sana, alimnyooshea kitukuu chake mikono akamsalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile." Mtoto alimkazia macho midomoni, kisha akaenda kujificha nyuma ya mama yake. Mama akaniuliza mtoto huyu amemkosea nini hata asimwitikie, nami sikuwa na jibu la kumpa. Usiku sikulala, lakini si kwa huzuni tu. Nilifundisha darasa la kwanza miaka 31, na mtoto anayetazama midomo badala ya macho ya mtu nimemwona mara nyingi. Mwezi Januari nilimpeleka mwenyewe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Akakuta majimaji mazito yamejaa nyuma ya ngoma za masikio yote mawili, hali inayowapata watoto wengi wadogo baada ya mafua ya mara kwa mara, ambayo humfanya mtoto asikie kama mtu aliyezamisha kichwa majini. Mjukuu wangu alikuwa hasikii vizuri! Hakusikia Kinyakyusa, hakusikia Kiswahili, na hicho Kiingereza walichomlipia ada hakukisikia vilevile. Miezi saba ya umri ambao kila wiki ya kusikia ina thamani ilipotea kwa sababu mtu aliyeona dalili za kweli alizipa jina la uongo, na kwa sababu jina hilo la uongo linazunguka magazetini bila wa kulihoji.

Jina hilo lina historia. Mwaka 1923 huko Wales mtafiti aitwaye Saer alitangaza kwamba watoto wa vijijini wenye lugha mbili walishindwa na wenzao wenye lugha moja katika mitihani ya akili, lakini hakuzingatia vya kutosha tofauti za maisha ya watoto hao. Mwaka 1962, Elizabeth Peal na Wallace Lambert walirudia swali hilo mjini Montreal nchini Kanada, kwa watoto wa miaka 10 wenye hali ya maisha inayolingana, na wale waliojua vizuri Kifaransa na Kiingereza wakawapita wenzao. Sisemi kwamba lugha mbili humpa kila mtoto akili ya ziada. Hilo wataalamu bado wanabishana, na tafiti kubwa za miaka ya karibuni zimeyapunguza sana madai hayo. Ninachosema ni kwamba hazimpunguzii. Mtoto wa lugha mbili hutamka neno la kwanza katika umri uleule wa wenzake. Ukihesabu maneno yake ya lugha moja utayaona machache, lakini ukijumlisha ya lugha zote mbili pengo hilo hulioni. Akichanganya, anaazima neno alilonalo kuziba pengo la neno asilonalo, kama tunavyofanya watu wazima sokoni kila siku. Huko Vancouver, watafiti waliwapima watoto wa siku chache tu, waliozaliwa na mama wanaozungumza Kiingereza na Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, wakaona kwamba tayari wanazitofautisha lugha hizo mbili. Kichanga anaweza hilo, halafu tunaambiwa mtoto wa miaka minne anachanganyikiwa.

Na kwa kuwa nimekwisha kuanza, niseme pia kuhusu vibao. Katika baadhi ya shule hizi mtoto akikutwa anasema Kiswahili huvishwa kibao shingoni, akakaa nacho hadi atakapomsikia mwenzake akikosea, amvishe. Kwa hiyo jambo la kwanza analofunzwa ni kumvizia rafiki yake, na la pili ni kwamba lugha ya nyumbani kwao ni kosa la jinai. Nimewaona watoto wa darasa la pili wakipita kimya mbele ya nyumba yangu wakiwa wamevaa sare, kwa hofu tu, na shule iko mbali kabisa. Mtoto aliyenyamazishwa hajifunzi lugha yoyote, kwa maana lugha hujengwa kwa kusemwa na kukosewa. Mzazi anayelipia jambo hili naomba aende shuleni akalione kwa macho yake, asitosheke na ripoti ya muhula.

Narudi kwenye habari yenu. Naomba mambo mawili. Kwanza, mchape masahihisho katika ukurasa uleule na kwa herufi za ukubwa uleule, si katika kona ya chini karibu na matangazo ya viwanja. Pili, mwandishi wenu awaulize wahusika wa elimu wa mkoa kwa nini chekechea isiwajibike, kabla ya kumshauri mzazi aache lugha yoyote, kumtaka kwanza alete karatasi ya hospitali inayoonesha kwamba mtoto amepimwa masikio yote mawili, yenye tarehe isiyozidi miezi mitatu. Kadi ya kliniki ina nafasi ya uzito na chanjo; muhuri mmoja wa masikio hautakosa mahali.

Mjukuu wangu alitibiwa, sasa anasikia, na Kinyakyusa kimerudi pamoja na Kiswahili. Majuzi aliniuliza kwa nini mimi nasema abandu na mama yake anasema watu, ilhali ni walewale. Bado tunamfundisha kwamba mama yangu haambiwi ugonile kama mtoto mwenzake, anaambiwa mwagonile.

Mwalimu mstaafu,
Tukuyu, Rungwe