Taa ya Gari Ikivunjika Usiitupe, Njoo Nayo

Bodaboda amekugonga kwenye foleni ya Buguruni, taa ya mbele upande wa abiria imebaki vipande. Umefika nyumbani, umevikusanya, umevitupa. Kesho yake asubuhi uko Ilala, Mtaa wa Shaurimoyo, unaulizia dukani: "Mna taa ya Noah?"

Tunazo. Ila Noah ipi?

Sisi tunauza spea za mtumba, nyingi zikiwa za kutoka Japani, na hatukosi wateja wanaokuja wakiwa wameshanunua taa mahali pengine, imekataa kukaa. Ndiyo maana tunaomba: hiyo taa iliyovunjika, hata kikibaki kipande, njoo nacho. Kinatuambia mengi kuliko jina la gari.

Toyota Noah ya modeli ya AZR60 ilitoka mwishoni mwa 2001, na mwaka 2004 ikabadilishwa sura, taa za mbele zikiwemo. Voxy ni pacha wake, bodi ile ile, lakini taa za mbele ni zake peke yake. Forester ya SG5 ilibadilishwa mwaka 2005. Vitz za mwanzo zilibadilishwa Desemba 2001. RAV4 iliyotoka mwaka 2000 ilibadilishwa sura katikati ya 2003, kwa hiyo RAV4 ambayo kadi yake inasema 2003 inaweza kuwa na taa za aina yoyote kati ya hizo mbili.

Hiyo RAV4 ndiyo iliyonifundisha. Nilimpa baba mmoja wa Mbagala taa kwa kuangalia mwaka kwenye kadi tu. Fundi wake akafungua bampa zima, akajaribu, taa ikagoma kuingia. Mzee wa watu akarudi jioni na daladala, taa mkononi, siku yake ya kazi imekwisha. Nilimrudishia hela ya taa na hela aliyomlipa fundi, lakini ile siku sikuweza kumrudishia. Tangu hapo sitoi taa kabla sijaona namba.

Namba yenyewe iko kwenye kioo cha taa, pembeni, karibu na jina la kiwanda kilichoitengeneza. Kwa magari ya Kijapani mara nyingi utakuta Koito, Stanley au Ichikoh. Ifute vumbi, ipige picha kwa karibu. Namba ya taa yako na ya taa unayonunua zikifanana, tumemaliza sehemu kubwa ya kazi. Pamoja nayo tutumie namba ya chasisi. Zile herufi za mwanzo, kama NCP61 au ACA21, zinatuambia ni gari gani hasa.

Halafu upande. Tafadhali usituambie kulia au kushoto. Mtu akisimama mbele ya gari akiliangalia, kulia kwake ni kushoto kwa gari, na taa nyingi zimerudishwa kwa sababu hiyo tu. Sema upande wa dereva au upande wa abiria.

Angalia pia aina ya mwanga. Taa ya kawaida hutumia balbu ya halojeni, mfano H4 ya wati 60 kwa 55, ambayo peke yake inatoa mwanga mkubwa wa mbali na mwanga mdogo wa karibu. Taa ya zenoni ina balbu nyingine na balasti, kiboksi cha kupandisha umeme. Zinaweza kufanana kwa sura huku plagi za nyuma zikiwa tofauti. Ukinunua ya zenoni, hakikisha balasti yake ipo, maana kuna taa zinazouzwa zikiwa zimeshanyofolewa balasti. Na fundi asiiguse ikiwa imewashwa: wakati wa kuwaka inatoa zaidi ya volti 20,000.

Sasa jambo linaloniuma zaidi. Sisi tunaendesha kushoto, na Japani vilevile. Dubai, Ulaya bara na Marekani wanaendesha kulia. Taa ya gari la kule imetengenezwa ili mwanga mdogo uinuke kidogo upande wa kulia, penye ukingo wa barabara yao. Ukiifunga hapa, mwanga huo unakwenda machoni mwa dereva anayekuja mbele yako. Usiku Barabara ya Morogoro, unapishana na malori, hilo linaua. Wala skrubu za kurekebisha taa haziponyi: zinasogeza mwanga wote, umbo lake linabaki lile lile. Kwenye taa yenye alama ya E ndani ya duara, tafuta mshale. Ukiwa umesimama mbele ya taa, mshale unaoelekea kulia kwako maana yake ni taa ya nchi zinazoendesha kushoto, kama yetu. Mshale wenye ncha mbili unafaa pote. Taa ya alama hiyo isiyo na mshale ni ya wanaoendesha kulia. Usiichukue, hata kama ni rahisi.

Ukiishika taa, anza na masikio yake, vile vishikio vya boliti. Sikio lililogundishwa kwa gundi litaachia kwenye matuta, na taa itacheza. Mulika ndani kwa tochi ya simu uone kama kuna ukungu, ufa, au sehemu iliyoungua nyuma ya balbu. Kioo kinachong'aa sana kwa taa ya umri huo huenda kimepigwa msasa. Ile ngozi yake ya kinga imeondoka, na jua letu litakifanya kiwe cha njano tena. Si kosa kuiuza, ila mteja aambiwe.

Na yule anayekwambia "subiri hapa nikuletee," akarudi baada ya nusu saa na taa yenye waya zilizokatwa, mwache. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai. Dai risiti.

Kwetu taa inawashwa kwa betri mbele yako kabla ya kufungwa, na ikikataa kukaa una siku tatu za kuirudisha. Kama vipande vyote vimeshatupwa, njoo na gari lenyewe. Mara nyingi taa ya upande wa pili ina namba ile ile, tutaisoma hapo.