Barua kwa Mwanangu: Usiku wa Sinema Uwanjani

Mwanangu mpenzi,

Sisi hatujambo. Bibi yako magoti bado yanamsumbua, lakini jana usiku alikubali kutoka, tukaenda uwanjani kutazama sinema ya bure. Walionyesha Minari, ile ya familia ya Kikorea iliyohamia Arkansas, Marekani, miaka ya 1980.

Tulifika mapema mno. Sinema ya nje haianzi mpaka giza liingie sawasawa, maana projekta haifui dafu mbele ya jua, basi tukakaa mkekani tukitazama watoto wakikimbizana mbele ya kile kitambaa kikubwa cheupe. Majirani tuliopishana nao miaka mingi bila salamu walitusogezea nafasi.

Taabu ilikuwa maandishi. Mazungumzo mengi ni ya Kikorea, na tafsiri hupita chini kabisa ya kitambaa, palepale panapozibwa na vichwa vya waliokaa mbele. Kando yetu mtoto wa kama miaka 9 akasimama ili aone, akawa anamnong'oneza bibi yake kila sentensi kwa lugha ya kwao.

Mwanangu, sikuiona tena filamu. Nilikuona wewe, umekaa kati yangu na daktari, miguu haifiki sakafuni. Ulikuwa ukimeza mate kabla ya kunitafsiria neno baya. Siku moja daktari alizungumza kwa muda mrefu, nawe ukaniambia maneno mawili tu: "Utapona, mama." Nilijua kuna kitu umenificha. Sikukuuliza. Nilikuachia mtoto mdogo mzigo wa maneno ya watu wazima, nikajifanya nimeridhika. Nisamehe.

Kwenye filamu, wazazi wanapogombana, watoto wao wanawarushia ndege za karatasi walizoziandika wakiwasihi waache. Watu walicheka kidogo. Mimi nilishindwa.

Filamu yenyewe imeandikwa na kuongozwa na Lee Isaac Chung, mzaliwa wa Marekani, na imetengenezwa hukohuko. Hata hivyo, mwaka 2021 tuzo za Golden Globe ziliiweka kwenye kundi la filamu za lugha ya kigeni, kwa kuwa sehemu kubwa ya maneno yake si Kiingereza. Jambo hilo liliniuma, kwa sababu nakumbuka ulivyokuwa ukiniomba nisiongee lugha yetu kwenye basi. Sikukulaumu wakati ule, na leo sikulaumu. Ila yule aliyeigiza bibi, Youn Yuh-jung, aliondoka na tuzo ya Oscar mwaka huohuo. Nilipomwambia bibi yako, alipiga kigelegele palepale mkekani, watu wakageuka!

Ukija, keti nami uniambie daktari alisema nini siku ile. Neno kwa neno, hata yale uliyoyameza. Nataka kuyasikia.

Mama yako