Gobore la mjomba si shamba la mikorosho

Mpwa wangu,

Salaam kutoka Nachingwea. Sote wazima, mbaazi zimetoa maua. Uliniuliza kwenye simu kama gobore, bunduki ile ya kushindilia, la marehemu mjomba wangu, yaani babu yako, nimekuwekea wewe, nikajibu "tutaongea". Sasa nasikia na binamu zako wanalisubiri. Basi naandika hapa, mlisome wote.

Lilinifikia kwa njia yetu ya Wamwera, kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Watoto aliowazaa mwenyewe walinuna, ingawa wanajua ukoo wetu unafuata upande wa mama. Wazee husema lilikuwepo Liwale mwaka 1905, vita vya Majimaji vilipoanza na boma la Mjerumani likachomwa. Mimi sisadiki. Huku kila ukoo wenye gobore unadai lake lilikuwa Liwale. Yangekuwepo yote hayo, Mjerumani angekimbilia baharini. Ninachokijua mimi ni habari ya nguruwe.

Mahindi yakianza kubeba tulihamia shambani kuamia mazao yasiliwe na wanyama, mjomba na mimi, usiku kucha juu ya dungu. Sisi Waislamu nguruwe hatumli, basi wakazaliana watakavyo, na walipo nguruwe, simba hufuata. Kuanzia miaka ya 1990 simba waliua watu wengi mkoani Lindi, na baadhi yao walikuwa wakilinda mazao kama sisi. Ndiyo maana nikisikia vijana wanalisifia gobore kama pambo la ukutani, nanyamaza tu.

Lina mlio mmoja, kisha uanze upya: baruti mtutuni, sufi, vipande vya chuma, ushindilie kwa mdeki, ndipo fataki ya kuwashia baruti. Yote hayo gizani, na kitu kinakoroma kwenye mihogo hukioni. Mjomba hakufyatua ovyo. Usiku aliponiachia mimi, kitako kilinipiga bega nikakaa kitako, moshi ukatujaa machoni, na nguruwe wakaondoka kwa mwendo wa kawaida, bila hata haraka. Jirani zetu Wakristo waliposikia mlio walikuja mbio na visu na karai. Walirudi mikono mitupu, wakanicheka mpaka Idi.

Fataki hakukaa nazo yeye. Alizitunza mkewe, bibi yako, kwenye kopo la maziwa uvunguni. Kila jioni mjomba alikwenda kuziomba. Akirudi amegombana na mtu, au amepitia kilabuni, bibi humjibu kwamba zimekwisha, na mwanaume yule mwenye sauti kubwa anaondoka kimya na rungu lake. Sijaona udhibiti wa silaha uliofanya kazi vizuri kama ule.

Alipofariki nililipeleka polisi kabla ya arobaini. Kuna walionisema kwamba nimeitupa mali ya ukoo. Lakini leseni ni ya mtu aliyeandikwa. Akifa, silaha inarudi polisi, na anayeitaka anaomba upya kwa jina lake. Niliomba, nikahojiwa, nikachukuliwa alama za vidole, nikasubiri mpaka nikakata tamaa, kisha nikapewa. Na sheria ya silaha ya mwaka 2015 haikulegeza kitu. Kulificha darini ni kesi, hata kama aliyelificha ni babu wa babu.

Macho yangu sasa hayaoni shabaha. Kwa hiyo sitakuandikia wosia wa gobore. Mikorosho ya bondeni, hiyo nakuachia, tumeshakubaliana na mama yako. Gobore ukilitaka, njoo nikiwa hai, uanzie kwa mtendaji wa kijiji, useme unalitaka kwa kazi gani. Ukikaa Dar es Salaam sidhani kama utakuwa na jibu, maana kule hakuna anayeamia. Binamu yako wa Ruangwa analima mahindi kila mwaka na nguruwe wanammaliza. Yeye ana jibu. Usikasirike nikimsindikiza yeye.

Na mkeo asome barua hii. Yeyote atakayepewa, kopo la fataki litakaa kwa mke.

Mjomba wako